Mgonjwa Haulizwi Kabila
Kujenga uhusiano wa upendo kati ya muuguzi na mgonjwa katika hospitali za Bunia

Ifuatayo ni hotuba iliyosomwa na kundi la wauguzi na wakunga mbele ya wenzao na wanafunzi wa uuguzi mjini Bunia, jimbo la Ituri, mashariki ya Kongo.



Tumeombwa tuzungumze juu ya uhusiano mwema kati ya muuguzi na mgonjwa. Pengine baadhi yenu mmesema moyoni: "Hilo tunalijua. Tulifundishwa mwaka wa kwanza. Muuguzi awe na uso wa furaha, awe na subira, asipige kelele." Ni kweli, tulifundishwa. Lakini sisi tunafanya kazi Bunia. Hapa uso wa furaha peke yake hautoshi. Mgonjwa wa hapa anaweza kukutazama unavyocheka naye, huku akijiuliza: huyu ni mtu wa wapi? Akijua mimi ni mtu wa wapi, atanipa dawa au atanipa kitu kingine?

Swali hilo halitamkwi, lakini linalala naye kitandani. Leo tunataka kulitazama bila kuona haya, kisha tuseme pamoja ni mambo gani madogo, ya kila siku, yanayoweza kulijibu.

Woga huu ulitoka wapi

Vijana walio hapa, wengine mlikuwa bado kuzaliwa wakati vita vya Ituri vilipowaka kuanzia mwaka 1999. Ni vema mjue kwa nini wazazi wenu hawaiamini hospitali upesi.

Mwishoni mwa Agosti 2002 kijiji cha Songolo kilishambuliwa, na raia Wangiti wakauawa kwa wingi. Siku chache baadaye, tarehe 5 Septemba 2002, wapiganaji waliingia Nyankunde, kusini-magharibi ya Bunia. Nyankunde ilikuwa na hospitali kubwa iliyojulikana katika mashariki yote ya nchi, pamoja na shule ya wauguzi. Watu walikuwa wakitoka mbali, wa kila kabila, ili kutibiwa pale. Siku ile watu walitafutwa kwa kabila lao, hata wagonjwa waliokuwa vitandani. Shirika la Human Rights Watch lilikadiria kwamba watu wasiopungua 1,200 waliuawa Nyankunde katika siku zile. Walionusurika walitembea kwa miguu msituni siku nyingi kwenda Oicha, katika Kivu ya Kaskazini.

Mwaka huo huo, karibu na Mongbwalu, kituo cha afya cha Sayo kilishambuliwa na wapiganaji wa upande mwingine. Jambo hilo lilifika mpaka Mahakama ya Kimataifa ya Jinai huko The Hague. Mwaka 2019 Bosco Ntaganda alihukumiwa kifungo cha miaka 30, na shambulio la kituo kile cha afya lilikuwa mojawapo ya makosa aliyopatikana nayo.

Tunayataja yote mawili kwa makusudi. Hakuna kabila linaloweza kusimama hapa leo likasema: "Ni sisi peke yetu tulioguswa." Na hakuna linaloweza kusema: "Watu wetu hawakugusa mtu."

Mei 2003, jeshi la Uganda lilipoondoka Bunia, mji wetu wenyewe uligeuka uwanja wa mapigano. Watu walikimbilia karibu na uwanja wa ndege na kambi ya Umoja wa Mataifa. Kikosi cha Umoja wa Ulaya kilichoongozwa na Ufaransa kilikuja mwezi Juni mwaka huo. Halafu utulivu ulirudi kidogo kidogo, lakini tangu mwishoni mwa mwaka 2017 vijiji vya Djugu vilianza kuungua tena, na kambi za wakimbizi wa ndani zikajaa mpaka pembeni mwa mji wetu. Machi 2024 hospitali ya Drodro ilivamiwa, na mgonjwa mmoja aliuawa akiwa kitandani.

Basi mtu anapokuja hospitali Bunia, hakuja na malaria tu au na kidonda tu. Amekuja na habari hizi zote. Kwake yeye, kitanda cha hospitali si lazima kiwe mahali pa salama. Ni mahali ambapo mtu amelala, hana nguvu ya kukimbia.

Uhusiano mwema ni kitu gani?

Mwaka 1952 muuguzi wa Marekani aitwaye Hildegard Peplau aliandika kitabu kilichobadili mawazo ya wengi katika kazi yetu. Alieleza kwamba uhusiano kati ya muuguzi na mgonjwa ni sehemu ya matibabu yenyewe. Muuguzi na mgonjwa huanza wakiwa wageni, na kutoka ugeni huo wanajenga njia ya kufanya kazi pamoja mpaka mgonjwa apate nguvu.

Kuanza wakiwa wageni: hapo ndipo penye fundisho letu. Hapa kwetu, mara nyingi hawaanzi wakiwa wageni tu. Wanaanza kila mmoja akiwa na habari mbaya juu ya watu wa mwenziwe, kabla hajamjua yeye mwenyewe.

Sisi tumejaribu kuliweka jambo hili kwa maneno mepesi. Tunasema kwamba mgonjwa anahitaji kujua vitu vitatu kutoka kwetu. Ajue wewe ni nani. Ajue unamfanyia nini. Ajue kwamba utarudi.

Ajue wewe ni nani. Hapa Bunia mgonjwa anatuita sote "muganga". Ni jina la heshima, tunashukuru. Lakini muganga asiye na jina ni koti jeupe tu. Sema jina lako. Uliza jina la mgonjwa, na umwite kwa namna anayoitwa nyumbani: mama fulani, papa fulani. Usiseme "kitanda cha nane". Wako wauguzi wanaoogopa kutaja jina kwa sababu jina linaonyesha kabila. Tunawaelewa. Lakini jina litajulikana tu, kwa sababu wenzako wataita kutoka mlangoni. Ni afadhali alisikie kutoka kinywani mwako, ukiwa umekaa karibu naye, kuliko kulisikia kwa mbali na kuanza kuhesabu.

Ajue unamfanyia nini. Kabla ya sindano, mwonyeshe chupa. Soma jina la dawa kwa sauti. Mweleze kazi yake kwa Kiswahili cha nyumbani. Ivunje au ifungue mbele ya macho yake, usije nayo tayari ndani ya bomba. Jambo hili linachukua dakika moja. Katika mji ambao watu wamesikia habari za sumu tangu utotoni, dakika hiyo ni dawa.

Ajue kwamba utarudi. Ukisema, "Nitapita tena kabla ya jua kuzama," basi pita. Ukishindwa, mtume mwenzako aseme, "Amenituma kwako." Mtu aliyekimbia kijiji chake ameahidiwa mambo mengi na watu wengi. Ahadi ndogo iliyotimizwa inamshangaza.

Sindano iliyokataliwa

Tuwape mfano mmoja kutoka kazi yetu. Hatutaji mtu wala hospitali.

Mwenzetu mmoja alikuwa na zamu ya usiku. Waliletewa kijana kwa pikipiki kutoka upande wa Djugu, amekatwa panga begani. Alikubali kuoshwa kidonda na kufungwa bendeji. Lakini wakati wa sindano ulipofika alikuwa amekwisha kusikia jina la mwenzetu. Alikaza mkono, akasema: "Ngojea yule mwingine."

Mwenzetu hakukasirika, wala hakujifanya hajasikia. Aliweka sinia chini. Akasema: "Sawa, kaka. Nitamwita. Lakini tazama kwanza." Akamwonyesha chupa, akamsomea, akamweleza kwamba ni dawa ya kuzuia kidonda kisioze. Kisha alimwita mwenziwe. Yule mwingine alichoma sindano, na mwenzetu alisimama hapo hapo akishika taa.

Saa sita baadaye walikuja wawili pamoja. Asubuhi mwenzetu alikuja peke yake. Kijana alimtazama, akanyoosha mkono. Hakusema neno, na hatukuhitaji neno.

Watu wengine hutuuliza: je, ni haki kumbadilishia mgonjwa muuguzi kwa ajili ya kabila? Jibu letu ni hili. Usiku wa kwanza uhai unatangulia. Dawa lazima iingie kwa wakati wake, na mkono wowote ulio tayari ni mzuri. Lakini tusiishie hapo. Tukimbadilishia muuguzi na kunyamaza, tumemwambia mgonjwa: "Ndiyo, uliogopa sawasawa." Wauguzi wawili wakija pamoja, tumemwambia neno lingine bila kutoa hotuba.

Lugha, fishi, na swali la kijiji

Waswahili wana methali: mgonjwa haulizwi uji. Maana yake, mtu mwenye haja iliyo wazi, umpe tu. Sisi tunaongeza: wala haulizwi kabila.

Ndugu mmoja atasema: "Lakini tunahitaji kujua lugha yake." Ni kweli. Basi uliza lugha, usiulize kabila. Swali zuri ni hili: "Mama, unapenda tuzungumze lugha gani?" Na tukumbuke kwamba hapa Ituri lugha haionyeshi kabila kama watu wanavyodhani. Wahema wengi wa kaskazini, upande wa Djugu, wanasema Kilendu tangu vizazi vingi, na Wahema wa kusini wanasema Kihema. Ukimsikia mtu anasema Kilendu ukadhani umekwisha kumjua, umejidanganya. Tena kuna Waalur, Wabira, Wangiti, Wanyali, Walese, Wando, Wambuti na wengine wengi. Katika wodi moja ya vitanda ishirini unaweza kusikia lugha saba. Ndiyo sababu Kiswahili ni zawadi kwetu. Ni nyumba yenye mlango kila upande.

Mahali penye haja ya mkalimani, tusimtumie mtoto wa mgonjwa kueleza mambo ya aibu ya mama yake. Wala tusimwite mtu yeyote anayepita barazani. Tutafute mwenzetu aliyeapa kutunza siri.

Kwenye fishi ya mgonjwa tunaandika pia mahali anapotoka. Hilo lina sababu njema: kipindupindu au surua ikianza, lazima tujue imeanzia kijiji gani. Lakini mgonjwa hajui sababu hiyo. Yeye anakumbuka vizuizi vya barabarani, ambako swali lile lile, "Unatoka wapi?", lilikuwa swali la kufa au kupona. Basi mweleze kwanza kwa nini unauliza. Punguza sauti. Ukimaliza kuandika, usiache fishi wazi mezani ambapo kila apitaye anaweza kuisoma.

Na jambo moja tena, dogo lakini zito: wauguzi wawili wasizungumze kilugha chao juu ya kitanda cha mgonjwa asiyekifahamu. Hata kama mnazungumza juu ya bei ya sombe sokoni, yeye atadhani mnazungumza juu yake.

Saa sabini na mbili

Mtu anaweza kufikiri kwamba mambo haya ya upendo ni pambo tu, na kwamba dawa ndiyo kazi yenyewe. Hebu tutazame jambo moja ambalo mjini kwetu linajulikana sana, ingawa halisemwi kwa sauti.

Mwaka 2003 Madaktari Wasio na Mipaka walifungua hospitali hapa Bunia katika jengo lililojulikana kwa jina la Bon Marché. Katika miaka minne tu, kati ya 2003 na 2007, walitibu watu zaidi ya 7,000 waliobakwa. Hao ni wale waliofika. Hatuwezi kuwahesabu waliobaki nyumbani.

Kila muuguzi hapa anajua kanuni. Dawa za kuzuia virusi vya Ukimwi lazima zianze ndani ya saa 72 baada ya tendo. Dawa ya kuzuia mimba ina nafasi ya siku tano, na kadiri anavyochelewa ndivyo inavyopungua nguvu. Dawa hizo zikiwa kabatini, zinangoja mtu aje. Na huyo mtu anangoja nini? Anangoja ajue kama akija atapokelewa na mwanamke au mwanamume, kama ataulizwa mbele ya watu, kama mlinzi wa mlangoni atamwuliza kwa sauti, "Mama, unaumwa nini?", kama habari itafika kwa mume wake kabla yeye mwenyewe hajarudi nyumbani.

Akisikia kutoka kwa jirani yake kwamba pale wanasengenya, atakaa siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Siku ya nne akija, dawa za Ukimwi hazitamsaidia tena. Hapo ndipo tunapoona kwamba adabu yetu ina saa yake, sawa na dawa. Muuguzi anayetunza siri leo anaokoa mwanamke atakayekuja mwezi ujao, kwa sababu mwanamke huyo atakuwa ameambiwa: "Nenda. Pale hawasemi."

Kwa hiyo tunaomba: mwanamke huyo apelekwe chumba cha pembeni mara moja, bila swali la mlangoni. Asilazimishwe kusimulia mara tatu kwa watu watatu. Kabla ya kumgusa, aombwe ruhusa, na akisema "ngoja", tungoje. Mtu aliyenyang'anywa mwili wake kwa nguvu anaanza kupona pale anapoona kwamba neno lake "hapana" lina uzito tena.

Mafunzo ya Ebola

Kuanzia tarehe 1 Agosti 2018 mpaka tarehe 25 Juni 2020 tulikuwa na Ebola katika Kivu ya Kaskazini na Ituri. Shirika la Afya Duniani lilihesabu wagonjwa 3,470, na kati yao 2,287 walikufa. Chanjo ilikuwepo. Dawa mpya zilijaribiwa na kuonekana zinasaidia. Hata hivyo watu walificha wagonjwa, na wahudumu wa afya walipigwa mawe, wengine wakauawa.

Kwa nini? Sababu ni nyingi, na za siasa pia zimo. Lakini moja inatuhusu sisi wauguzi. Mgonjwa alichukuliwa na watu waliofunikwa mwili mzima, bila uso, bila jina. Akaingia ndani ya ua ambao jamaa hawakuweza kuona. Alirudi ndani ya mfuko, au hakurudi kabisa. Vile vitu vitatu tulivyosema, nani, nini na lini utarudi, vyote vilikosekana.

Huko Beni ndugu wa mgonjwa walianza kupata nafuu pale vilipoletwa vyumba vyenye kuta za plastiki angavu, ili mama amwone mtoto wake na kuzungumza naye bila kuambukizwa. Waliopona Ebola walikuja kulea watoto ambao mama zao walikuwa wagonjwa. Walikuwa na uso, walikuwa na jina, na walikuwa na ushuhuda mwilini mwao. Hakuna aliyeweza kuwaambia kwamba ugonjwa ni uongo.

Sisi tulijifunza hivi: kila kifaa cha kujikinga kinafunika kitu. Ukivaa barakoa, andika jina lako kifuani. Ukifunga mlango, fungua dirisha.

Habari ya pesa

Tusipozungumza juu ya pesa, hotuba hii itakuwa ya mawinguni.

Wauguzi wengi wa nchi yetu hawako kwenye orodha ya mishahara ya serikali, au wanapata kidogo sana kwa kuchelewa. Wana watoto, wana kodi ya nyumba. Mgonjwa naye amekimbia shamba lake, hana kitu. Hapo kati ya watu wawili maskini ndipo uhusiano unapovunjika upesi. Faranga moja iliyoombwa gizani inaharibu kazi ya mwezi mzima. Na mgonjwa wa kabila lingine hatasema, "Muuguzi yule ana njaa." Atasema, "Watu wale ndivyo walivyo."

Hatuna uwezo wa kubadili mishahara leo. Lakini yako mambo ambayo yamo mikononi mwetu. Bei iandikwe na kubandikwa ukutani. Mgonjwa aambiwe gharama kabla ya tendo, si baada yake, isipokuwa pale ambapo uhai hauwezi kungoja. Kila malipo yawe na risiti. Na mtu aliyepona asiwekwe hospitalini kama mfungwa kwa sababu ya deni. Tutafute njia nyingine pamoja na jamaa yake, na kanisa au msikiti wake, na wakuu wa kambi yake. Mama anayezuiliwa na mtoto mchanga kwa ajili ya deni atakaporudi kwao atakuwa na habari moja tu ya kueleza. Mimba inayofuata atazalia nyumbani, au njiani.

Sisi kwa sisi

Wapendwa, muuguzi hawezi kumpa mgonjwa amani ambayo haipo katika chumba cha wauguzi.

Katika chumba kile wako watu waliozika baba zao mwaka 2003. Wako waliofiwa Februari 2022, wakati kambi ya Plaine Savo ilipovamiwa na watu zaidi ya 60 wakauawa. Halafu siku moja analetwa mpiganaji aliyejeruhiwa. Sheria ya vita iko wazi tangu Mikataba ya Geneva: aliyejeruhiwa ni mgonjwa, hata kama jana alikuwa na bunduki. Atapata dawa ile ile, kwa saa ile ile. Kwa hilo hatuna mjadala.

Lakini muuguzi naye ni mtu. Tumekubaliana katika kundi letu kwamba muuguzi anaweza kumwendea mkuu wa zamu na kusema, "Leo kile kitanda sikiwezi." Hataulizwa sababu mbele ya watu. Atabadilishiwa. Kesho, ikiwezekana, mwenziwe atamsindikiza. Aliye na ruhusa ya kusema "siwezi" mara nyingi hurudi mwenyewe na kusema "sasa nitajaribu". Aliyelazimishwa huenda akafanya kazi kwa mikono tu, na mgonjwa huhisi.

Vilevile, tunapokezana zamu kwa Kiswahili, sote tukisikia. Tunakula bugali pamoja, sahani moja, si makundi mawili kwenye pembe mbili. Wagonjwa wanatuona kupitia dirisha. Wanaona nani anamcheka nani, nani anamsaidia nani kubeba machela. Pengine hayo ndiyo mahubiri ya amani wanayoyaamini kuliko yote, kwa kuwa hakuna aliyewaambia kwamba ni mahubiri.

Tufanye nini basi?

Kabla hatujaachana tunawaomba kila mmoja achukue jambo moja, alifanye kwa mwezi mmoja, kisha tukutane tuone.

Wa kwanza aseme jina lake kwa kila mgonjwa mpya, na kuuliza la mgonjwa.

Wa pili afungue kila dawa mbele ya macho ya mgonjwa.

Wa tatu aeleze sababu kabla ya kuuliza kijiji.

Wa nne atimize kila ahadi ya "nitarudi", au amtume mtu.

Wa tano atafute mwenzake wa kabila ambalo anaona ugumu nalo, na waombe zamu moja pamoja.

Katika vikundi vyenu tunaomba mzungumze maswali haya. Katika wodi yetu, ni mgonjwa gani anayeogopa zaidi, na tunajuaje? Ni jambo gani tunalofanya kila siku linalofanana na kizuizi cha barabarani? Ni nani kati yetu aliyechoka, na nani amemwuliza hali yake?

Hatusemi kwamba wauguzi watamaliza vita vya Ituri. Vita vina watu wake, na dhahabu yake, na ardhi yake, na wenye mamlaka wanapaswa kuyajibu hayo. Lakini kila siku watu wanatoka hospitalini na kurudi kambini, mitaani na vijijini. Wakifika, jirani wanawauliza: "Walikufanyaje kule?" Jibu lao linatembea mbali kuliko gari lolote la amani. Linaingia mahali ambapo sisi wenyewe hatuwezi kuingia. Na jibu hilo tunaliandika sisi, kitanda kwa kitanda, usiku na mchana.

Zamu ya mchana inaanza baada ya nusu saa, na wagonjwa wanangoja.